Kona ya Bi Azza Itagombewa Angani

Waliokosa gazeti la wiki jana wasihangaike. Aibu yangu inasimulika kwa pumzi moja.

Mimi ni Pantaleo, muuza ndoo na mabeseni ya jumla, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Miaka sita nimeuzia kwenye korido ya ghorofa la Bi Azza, mlango wa kwanza baada ya choo. Anayetazamana nami ni Basil, kijana wa Kiarabu, muuza marashi. Marashi mbele ya choo. Hebu fikiria mwenyewe wateja wake wananusa nini.

Mwezi uliopita wakaguzi walikuja wakasema ile korido ni njia ya kukimbilia moto ukitokea. Mwisho wa mwezi iwe tupu. Ndani ya jengo zima imebaki nafasi moja, ile fremu ya duka ya kona inayotazama barabara mbili. Mimi naitaka. Basil anaitaka.

Tulimsumbua Bi Azza wiki tatu. Tukakataa kura, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ataichezea. Ndipo yule mama, mwenye miaka sabini na mbili na subira iliyokwisha, akatoa ile hukumu mliyoisoma.

"Nyinyi kutwa mko kwenye korido yangu mnaangushana ndege kwenye simu. Basi Jumamosi baada ya alasiri njooni sebuleni kwangu, muangushane kwenye televisheni nikiwaona. Raundi tatu. Mwenye mbili anachukua funguo. Sitaki kelele tena."

Nilicheka. Basil hakucheka.

Sasa naungama.

La kwanza, kwenye lile gemu la ndege za kivita mimi ni mbovu. Kwa miezi minane Basil alikuwa ameniangusha mara sitini na moja. Mimi nilikuwa nimemwangusha mara nne, na mara mbili kati ya hizo alikuwa ameweka simu chini anamhudumia mteja.

La pili, mke wangu Mektilda hakujua kwamba korido inafungwa. Sikumwambia. Kila nikitaka kusema, ananiuliza kitu kingine, nami nashukuru.

Kwa hiyo Jumatatu nilimuaga kwamba naenda semina ya ujasiriamali ya siku nne. Nikaenda Gerezani, ule mtaa wa mafundi magari.

Pale kati ya fundi wa springi na muuza vioo vya magari kuna banda la gemu la Mama Theopista, mwanamke wa Bukoba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Watu waliniambia huyo mama hajawahi kuangushwa na mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nusu saa au saa nzima?"

"Nataka kufundishwa."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka upara.

"Kufundishwa nini, baba?"

"Kuangusha ndege."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na tatu."

Akavuta stuli. "Kaa."

Ndani ya dakika kumi aliniangusha mara kumi na moja. Alikuwa anakula karanga. Mara ya tisa hakuwa hata anatazama kioo, alikuwa anamwelekeza mtu njia ya kwenda stendi ya mwendokasi.

"Unajua shida yako?" akaniuliza.

"Mkono mzito?"

"Hasira. Ukimwona adui unakata kona kwa nguvu zote. Kila ukikata hivyo, ndege inapoteza mwendo. Ukishapoteza mwendo umekuwa mkokoteni kwenye kilima. Nakukuta umesimama hewani, nakupiga."

"Sasa nifanye nini?"

"Panda juu kwanza. Aliye juu anaweza kushuka akapata mwendo. Aliye chini atashukia wapi? Na geuka nyuma, baba! Wewe hugeuki kabisa. Unaruka kama mtu anayejua anapendwa."

Niliandika yote kwenye daftari la oda za mabeseni.

Jumanne na Jumatano nikarudi. Nikajifunza kupanda. Nikajifunza kugeuka nyuma, mpaka nikawa nageuka hata nikivuka barabara, watu wananipisha. Lakini kulikuwa na ugonjwa mmoja uliogoma kupona. Nikifanikiwa kukaa nyuma ya adui nafurahi, naongeza mwendo, nampita. Nikishampita, yeye ndiye yuko nyuma.

Mama Theopista akaweka rimoti chini.

"Baba, hii si mbio. Huku anayetangulia ndiye anayekufa. Ukiwa mkiani, kaa mkiani. Akipunguza, punguza. Akikata kona usikate naye papo hapo, pita nje kidogo halafu urudi. Na usipige pale alipo, piga pale anapokwenda."

"Nimeelewa mama."

"Kichwa kimeelewa. Mwili bado." Akafikiri. "Kesho usije hapa. Nenda soko la Mchikichini. Chagua mtu mmoja anayetembea haraka, kaa nyuma yake hatua kumi, nusu saa nzima. Usimpite, usimpoteze."

Ningekuwa na akili ningeuliza swali hata moja.

Alhamisi saa nne asubuhi niko Mchikichini, katikati ya mitumba. Nikachagua mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, mkoba wa manjano begani, anatembea kama aliyeacha jiko linawaka.

Nikaingia mkiani.

Jamani, dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri mno. Akasimama kwenye mashati, nikasimama kwenye sidiria. Akakata kushoto kwenye makoti, mimi sikukata. Nikapita nje kwenye mapazia, nikaibukia nyuma yake palepale, hatua kumi. Nikatamani Mama Theopista angeniona.

Tatizo langu ni mdomo. Nikicheza huwa naongea.

"Bado," nilikuwa nasema. "Bado... tulia, tulia... akifika kwenye viatu nampiga."

Muuza viatu akanisikia.

"Oya! Unampiga nani?"

"Yule mama wa mkoba wa njano," nikajibu, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye mwendo.

"Mwiziii!"

Watu walitoka hata chini ya meza. Mmoja akanishika ukosi, mwingine mkanda, wa tatu sijui alinishika nini lakini nilipanda juu. Viatu viliinuliwa kwa jozi. Nikaona kisigino cha raba nyeupe kiko sentimita chache kutoka puani kwangu, na akili yangu, sijui kwa nini, ikasoma saizi. Arobaini na nne.

"Ngojeni!"

Ni yule mama. Alikuwa amerudi, hana haraka hata kidogo.

"Mimi ni Koplo Anifa, leo niko mapumziko," akasema. "Wewe baba, umenifuata tangu kwenye mashati. Nimekuona mara nane kwenye kioo cha simu yangu."

Mara nane! Hata katika hali ile nilimvulia kofia. Kumbe alikuwa anageuka nyuma muda wote na mimi sikujua.

"Ulitaka kunipiga?"

"Kwenye gemu, afande."

"Gemu gani la kufuata wanawake sokoni?"

"La ndege."

"Kalewa huyu," mtu akasema. "Tumalize."

"Jamani! Jamani, huyo namfahamu!"

Nikageuza shingo. Basil. Amesimama pale na jozi ya viatu vya ngozi mkononi, vya kahawia, vimeng'arishwa.

"Ni jirani yangu Sikukuu. Anauza ndoo."

"Ndoo na kumfuata afande vinahusiana nini?" muuza viatu akauliza.

Basil akanitazama. Nikaona uso wake unavyofungua mahesabu na kufika kwenye jibu.

"Panta," akaniuliza taratibu, "ulikuwa unafanya mazoezi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hapa wasomaji wangu naomba mtulie. Yule kijana angeweza kuondoka zake. Angesema tu, samahani nimemfananisha, basi. Mimi Jumamosi ningeshika rimoti kwa mkono wa plasta, kona ingekuwa yake. Alilijua hilo, nililiona kwenye macho yake.

Akaweka viatu vyake chini.

"Afande, tutakuonyesha."

"Mtanionyesha nini?"

"Gemu lenyewe. Panta, nyoosha mikono."

"Basil, hapana."

"Nyoosha mikono, kaka, watakuua."

Nikanyoosha mikono. Mwanaume wa miaka arobaini na tatu, baba wa binti wa sekondari, nimesimama katikati ya Mchikichini nimekuwa ndege.

"Toa sauti," Basil akaninong'oneza. "Bila sauti hawataamini."

Nikatoa sauti. Nikaanza kukimbia kati ya meza, Basil nyuma yangu, na yeye ananguruma. Nikapita nje kwenye mapazia kama nilivyofundishwa. Watu wakaanza kupisha, halafu wakaanza kushangilia, halafu wakagawanyika, wengine kwangu, wengine kwake. "Kata kushoto, mzee! Kushoto!" Nikakata kushoto. Nikageuka nyuma, Basil hayupo. Kumbe amepanda juu ya belo la majaketi.

Akaruka kutoka kule juu, akatua mgongoni kwangu.

"Dududududu!"

Ilibidi nianguke. Nilianguka kwenye rundo la soksi.

Koplo Anifa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwachieni," akasema. "Mwizi hawezi kuwa mjinga kiasi hiki."

Basil akanivuta mkono nikasimama, akanitoa soksi kwenye kola.

"Asante, Basil."

"Usijali." Akaokota viatu vyake, akavipuliza vumbi. "Vinafaa? Naposa Jumapili."

"Unaposa? Nani?"

"Anaitwa Khairunnisa. Jumamosi tuonane, Panta."

Akaondoka. Nami naungama tena, sikumwombea heri. Nilichowaza ni kwamba amejionyesha mwenyewe: huwa anapenda kupanda juu kwanza.

Nilifika Sikukuu mchana, Mektilda amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu mkononi.

"Semina imeendaje, Baba Evelyn?"

"Nzuri sana. Leo tumefundishwa kumfuatilia mteja."

Akanigeuzia simu. Kumbe mtu alinirekodi sokoni: nilikuwa mimi, mikono imenyooka, naingia kwenye soksi kwa kichwa.

"Na hapa ndipo mlipopewa vyeti?"

Nikamwambia yote. Wakaguzi, korido, kona, hukumu, Gerezani, Koplo. Basil hakuwapo dukani kwake, namshukuru Mungu kwa hilo. Mteja akaja kuulizia mabeseni, akamtazama Mektilda usoni, akaondoka bila kuuliza.

"Miaka sita nimevumilia choo," akasema mwishoni. "Sikulalamika. Kumbe hata hicho choo tunanyang'anywa, na mume wangu anajua, na anakuja kula ugali wangu amekaa kimya."

"Nisamehe."

"Kuhusu kunificha, tutaongea. Hilo tutaongea siku nyingi." Akaicheza tena ile video, amekunja uso kama anasoma dawa. "Gemu si shida yangu. Shida yangu ni kwamba hapa umepigwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini ulimwacha apande juu?"

Nikajifanya napanga ndoo.

"Jumamosi nakuja," akasema.

Jumamosi baada ya alasiri tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Mektilda alikuwa amevaa gauni la kanisani. Sebule ya Bi Azza ina makochi mekundu na televisheni kubwa kama mlango wa lori. Kwenye kochi la pembeni amekaa mzee mmoja, kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi.

"Huyu binamu yangu, Mzee Talha," Bi Azza akasema. "Kaja kunisalimia. Nimemwambia asubiri, kuna mchezo."

Tukamwamkia. Basil akaingia nyuma yetu na viatu vyake vipya. Alipomwona yule mzee, akasimama mlangoni kama aliyesahau kilichomleta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Basil akakaa kando yangu. Nikaona ameshika rimoti juu chini. Nikadhani ananiogopa mimi. Nikajisikia mtu.

Kioo kikagawanyika nusu kwa nusu, yeye kushoto, mimi kulia.

Raundi ya kwanza haikumaliza dakika. Nilimwona, damu ikapanda, nikakata kona kwa nguvu zote, ndege ikasimama hewani. Akanipiga. Mektilda alikohoa tu, nami nilikielewa kile kikohozi neno kwa neno.

Raundi ya pili nikapanda. Nikapanda mpaka mawingu yakabaki chini. Basil akanifuata kwa pupa, mwendo ukamwisha katikati, nikageuza pua nikamshukia. Sikupiga pale alipokuwa. Nilipiga pale alipokuwa anakwenda.

Moto. Moshi. Nimeshinda!

Mektilda akapiga vigelegele mpaka vikombe vikalia.

"Mama Evelyn, hii si harusi," Bi Azza akasema.

"Harusi iko njiani," akasema Mzee Talha, akacheka peke yake.

Basil hakucheka. Mimi sikuelewa.

Sare, moja moja. Ikabaki raundi ya funguo.

Tulizunguka angani muda mrefu. Alipanda, nikapanda. Alishuka, nikasubiri. Alikata kulia, nikapita nje kidogo, nikarudi, na hapo, mbele ya mke wangu na mwenye jengo, nikajikuta mkiani kwa Basil. Umbali mzuri. Mwendo sawa. Ndege yake ikaingia katikati ya alama yangu ya kulengea, ikakaa pale kama imeegeshwa.

Kidole gumba kikagusa kitufe.

"Panta." Basil hakufungua mdomo, sauti ilitokea kwenye meno. "Usipige."

"Nini?"

"Yule mzee ndiye baba yake Khairunnisa. Nilimdanganya kwamba kona ni yangu tangu mwaka jana. Kesho naposa. Sikujua atakuwepo hapa."

"Piga, Baba Evelyn!" Mektilda alikuwa amesimama.

Nikafikiria ndoo mia sita zisizo na pa kukaa. Nikamfikiria Evelyn na shule. Halafu nikamwona huyu kijana Mchikichini, anaweka viatu vyake chini kwenye vumbi wakati alikuwa na sababu zote za kwenda zake.

"Piga!"

Sikupiga. Lakini pia sikupunguza mwendo, na hilo ndilo kosa nililofundishwa siku nne nisilifanye. Ndege yangu ikaisogelea yake, ikaifikia, ikaipita taratibu, ubawa kwa ubawa.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa mbele.

"Mungu wangu," Mektilda akasema.

Ilitakiwa nikate kona, nipande, nifanye chochote. Nilinyoosha tu. Sikutazama televisheni tena, nilimtazama Basil. Jasho linamtiririka kwenye shavu, kidole kiko kwenye kitufe, na hakishuki. Na yeye ananitazama.

Injini mbili zikanguruma kwenye spika.

Mzee Talha akajivuta mbele kwenye kochi, mchezo umemnogea.

"Dada Azza," akasema, "hivi hawa wanashindania nini?"

Bi Azza alikuwa na kahawa mdomoni. Mektilda hakuwa na kitu mdomoni.

"Fremu ya kona, mzee," akajibu kwa heshima zote. "Ile ya hapa chini. Haina mtu. Atakayeshinda ndiye anapewa leo."

Mzee Talha aliweka kikombe juu ya meza, polepole, akahakikisha kimekaa sawa.

"Kona ya hapa chini," akarudia. "Basil, mwanangu. Si ndiyo ile uliyonionyesha?"

Basil aligeuka akanitazama mimi. Na chumba kizima, Bi Azza, mzee, mke wangu, kikageuka pamoja naye, wakingoja mimi ndiye niseme kona ni ya nani.